Mwaka mmoja Barbados kwa kibali cha Welcome Stamp: uzoefu wangu

Mimi na mume wangu, sote wazaliwa wa Tanga tulioishi London kwa zaidi ya miaka 25, tulikaa Barbados kuanzia Oktoba 2023 hadi Oktoba 2024 kwa kibali kinachoitwa Welcome Stamp. Tangu turudi, jamaa zetu walioko Uingereza hawaachi kutuuliza kama kisiwa kile cha Karibiani kinafaa mtu kwenda kustaafia, na kwa kuwa nimechoka kurudia maelezo yaleyale kwenye simu, nimeona niyaandike mara moja, mazuri na mabaya yake. Nianze na hukumu yangu ili asiye na muda asihangaike: kibali chenyewe nakipa alama tano kwa tano, kwa sababu kilitekeleza kila kilichoahidi. Lakini kilichoahidi ni mwaka mmoja wa kuishi, si makazi ya uzeeni, na wengi wanaokilipia hulisahau hilo.

Wazo la Barbados hatukulipata kwenye matangazo. Mume wangu aliendesha mabasi London mpaka alipostaafu, na alipoanza kazi aliwakuta wazee waliotoka Barbados, maana shirika la usafiri la London lilikuwa likienda kuajiri watu kulekule kisiwani kuanzia 1956. Mmoja wa wazee hao alirudi kwao kujenga, akawa anatutumia picha za bustani yake kila Krismasi wakati sisi tunakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Sababu ya pili ilikuwa ya fedha, na ndiyo iliyotusukuma hasa. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili, lakini mstaafu anayehamia Tanzania au Kenya hubaki na kiwango alichoondoka nacho kwa muda wote atakaoishi huko, kwa kuwa nchi zetu hazina mkataba na Uingereza unaoruhusu nyongeza hiyo. Barbados inao, kama ilivyo Jamaica, ilhali Trinidad, Grenada na St Lucia hazina. Aprili 2024, pensheni kamili ilipotoka pauni 203.85 kwa wiki ikafika pauni 221.20, nyongeza ilimfikia mume wangu akiwa amekaa barazani St Philip, huko Barbados, wakati jamaa yetu aliyerudi Mombasa miaka kadhaa iliyopita anaendelea kupokea kilekile cha mwaka aliorudi.

Maombi yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Kibali kilianzishwa 2020, wakati wa Uviko-19, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi kwa mtandao kwa mwajiri aliye nje ya kisiwa, na sharti lake kubwa ni kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. Mimi ni mhasibu, na kampuni yangu ilikubali niendelee na kazi nikiwa huko, hivyo mwombaji nilikuwa mimi, na mume wangu akaingia kama mwenza. Ada ni dola 2,000 za Marekani kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia, hulipwa baada ya kukubaliwa, na ikishalipwa hairudi. Kilichotuchelewesha ni cheti chetu cha ndoa, ambacho kimeandikwa kwa Kiswahili na ikabidi kitafutiwe mfasiri. Baada ya hapo jibu lilikuja siku ya sita ya kazi. Mwenye kibali hatozwi kodi ya mapato ya Barbados kwa mshahara wake wa nje, ila bima ya afya ni lazima awe nayo, na haruhusiwi kuajiriwa na kampuni ya pale.

Tulipoumia ni kwenye nyumba. Dalali mmoja, mstaarabu sana kwenye simu, alitutangazia nyumba ya vyumba viwili huko St Philip kwa dola 1,400 kwa mwezi, hatua chache kutoka baharini. Sasa, dola ya Barbados imefungwa kwa ile ya Marekani tangu 1975, mbili kwa moja, na maduka mengi hupokea zote mbili, kwa hiyo neno dola likisimama peke yake halikwambii kitu mpaka uulize ni dola ipi. Sikuuliza. Nilipiga hesabu kwa dola ya Barbados, nikamwambia mume wangu tumeokota dodo chini ya mwarobaini, tukatuma amana. Mkataba ulipofika, dola zilikuwa za Marekani, na dalali akashangaa kwamba mhasibu mzima hakulijua hilo. Nilikosa la kumjibu.

Umbali wa baharini, hata hivyo, alisema kweli: zilikuwa hatua chache. Asichosema ni kwamba upande ule unaelekea Atlantiki, na kwamba tangu 2011 bahari ya Karibiani imekuwa ikivamiwa na mwani uitwao sargassum, ambao husukumwa na mikondo ukarundikana ufukweni kama manyasi yaliyofyekwa na kuozea hapo. Tulipoingia Oktoba maji yalikuwa ya kupendeza. Kufikia Aprili ufuo wote ulikuwa wa kahawia, harufu ya mayai viza ilitufuata hadi chumbani, na asubuhi moja nilikuta bangili zangu za fedha, nilizorithi kwa bibi yangu, zimegeuka nyeusi ndani ya sanduku kwa ajili ya gesi inayotoka kwenye mwani ule. Mwezi Mei tukahamia Christ Church, mbali kidogo na bahari, juu ya mji wa wavuvi wa Oistins, kwa dola 1,300. Safari hii niliuliza ni za nani.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyetuonya ni umeme. Barbados hutumia volti 115 na plagi za Kimarekani, ingawa magari hupita kushoto na mambo mengine mengi yamekaa Kiingereza. Tulikuwa tumebeba birika la umeme kutoka London. Tukalichomeka kwa adapta, likakaa kimya, na baada ya dakika kumi hivi ndipo maji yakaanza kutoa mvuke. Blenda nayo iliguna tu bila kusaga. Chombo pekee cha jikoni kilichofanya kazi siku ya kwanza kama kilivyokuwa kikifanya kwetu ni mbuzi wangu wa kukunia nazi, ambaye mume wangu alikuwa amepinga nisimbebe kwa sababu ya uzito.

Mbuzi huyo ndiye aliyetupatia majirani. Novemba, sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 inapokaribia, watu wa Barbados hupika conkies, ambazo ni unga wa mahindi, nazi, boga, viazi vitamu, zabibu kavu na viungo, vyote vikichanganywa, vikafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa akikuna nazi kwa kikuno cha bati huku vidole viwili vikiwa na plasta. Nikajifunga kanga, nikamkalia mbuzi pale uani kwake, na kabla hajamaliza kipande alichokuwa nacho mkononi nilikuwa nimeshamaliza vifuu vinne. Kesho yake alikuja na dada zake wawili waone. Tangu siku hiyo hatukukosa shelisheli, wala cou-cou, ambayo ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia na ambayo, kwa mtu wa Tanga, haihitaji kuelezwa wala kuzoewa. Huliwa na samaki warukao kwa mchuzi.

Nje ya ukarimu wa jirani, chakula ni ghali. Sehemu kubwa ya kilichomo dukani imeagizwa kutoka nje, na bidhaa nyingi zina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 17.5. Bei zilishuka tulipojifunza kununua mboga na viazi vikuu katika soko la Cheapside, Bridgetown, siku za Jumamosi. Umeme nao huzalishwa zaidi kwa mafuta ya kuagiza, kwa hiyo kiyoyozi tulikiwasha usiku tu, tena chumba kimoja.

Kazi yangu ilitawaliwa na saa. Barbados haibadilishi saa zake, Uingereza hubadilisha. Kwa hiyo kikao cha saa tatu asubuhi cha London kilinikuta saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi, na kuanzia mwisho wa Machi kikawa saa kumi. Mwaka ule badiliko hilo liliangukia katikati ya Ramadhani, hivyo nikawa nakula daku huku nimezima kamera. Intaneti haikuniangusha hata siku moja. Faida yake ni kwamba saa saba mchana nilikuwa nimemaliza kazi, nampigia mama yangu Tanga, kwake ikiwa saa mbili usiku.

Kwa Waislamu wanaouliza: upo msikiti wa Ijumaa Bridgetown, kwenye barabara ya Kensington New Road, na nyama ya halali inapatikana mjini. Waumini wengi ni wenye asili ya Gujarat, ambao wazee wao walifika katika karne iliyopita na kuanza maisha kwa kutembeza vitambaa mlango kwa mlango. Tulipofuturu nao kwa mara ya kwanza, sambusa zao zilinirudisha Ngamiani, kwetu Tanga.

Usafiri tuliufurahia kuliko tulivyotarajia. Nauli ni dola 3.50 za Barbados popote uendako, iwe kwenye mabasi ya serikali ya rangi ya buluu au kwenye vipanya vyeupe vinavyoitwa ZR kwa sababu ya herufi za namba zao, ambavyo muziki wake, kondakta wake na namna yake ya kupakia abiria vingemfanya mtu wa Mbagala ajihisi nyumbani. Tofauti ni salamu. Mtu akipanda huwaamkia waliomo, na akiingia dukani bila kusalimu huhudumiwa kwa baridi. Niliwaona wageni wa Kizungu wakilalamika kwamba watu wa pale ni wakali, nao walikuwa wameanza kuuliza bei moja kwa moja. Kwa aliyelelewa pwani yetu, hilo halihitaji mafunzo. Wala hatukushangaa kuambiwa kwamba raia haruhusiwi kuvaa nguo za madoa ya kijeshi, hata kama ni za mtoto.

Afya ndiyo iliyotupa mawazo. Mume wangu ana shinikizo la damu, na kila alipomwona daktari binafsi tulilipa dola 150 za Barbados kwanza, ndipo tukaidai bima. Ipo hospitali kuu ya serikali, Queen Elizabeth, lakini matibabu yake ya bure ni haki ya raia na wakazi wa kudumu, na sisi hatukuwa hao. Mtu wa miaka 70 anayefikiria kuhamia kule aanze kwa kuulizia bei ya bima ya umri wake, kisha ndipo aangalie picha za nyumba.

Na ziko tufani. Msimu wake ni Juni hadi Novemba. Tarehe 29 Juni 2024 kisiwa kizima kilikuwa kwenye shamrashamra za fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, ambayo India iliishinda Afrika Kusini katika uwanja wa Kensington Oval. Jioni ya tarehe 30 biashara zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mabingwa wenyewe wakakwama hotelini. Tufani hiyo, iliyoitwa Beryl, ilipita kusini yetu alfajiri ya Julai mosi. Tuliketi kwenye korido isiyo na dirisha, na mimi, ambaye tufani nilizijua kwa habari tu, niligundua kwamba kinachotisha zaidi ya upepo ni sauti ya vitu visivyojulikana vinavyogonga ukuta. Nyumba yetu ilipoteza mabati mawili ya banda. Tuliposhuka Oistins, boti za wavuvi zilikuwa zimepandana ufukweni, nyingine zimepasuka katikati, na wenyewe wamesimama wakizitazama bila kusema neno. Bado sisi tulisalimika: Carriacou, huko Grenada, karibu kila paa liling'oka.

Kibali kilipokaribia kwisha, tulikaa na karatasi mezani. Unaweza kuomba tena mwaka wa pili, lakini unalipa dola 3,000 nyingine, na miaka hiyo haikupeleki kwenye ukaazi wala uraia. Isitoshe, siku nitakapoacha kazi, kipato cha dola 50,000 kitakuwa kimekwisha na kibali hiki hakitatuhusu tena. Ukaazi wa kustaafu una taratibu zake nyingine kabisa, zenye masharti ya mali na bima ambayo kwa sasa hatuyafikii. Mume wangu anashikilia kwamba nyongeza ya pensheni ya kila Aprili inatosha kutufanya tuendelee kutafuta njia. Mimi nimempigia hesabu kwamba pango la mwezi mmoja la Christ Church linatutosha Tanga, kwenye nyumba yetu wenyewe, kwa miezi kadhaa, hata pensheni ikigandishwa. Hatujakubaliana, na tumekata tiketi za Tanga kwa miezi mitatu tukapime na huko.

Mbuzi nilimwachia jirani wa St Philip. Kuhusu amana ya nyumba ya kwanza, barua pepe ya mwisho kwa dalali niliituma siku tuliyoondoka, na hadi leo haijajibiwa.