Ram ya seva ya nyumbani: soma herufi ya mwisho kwenye stika

Jamani ukitaka kununua ram ya seva mwambie muuzaji akutumie kwanza picha ya stika, mimi sikuomba na imeniponza.

Nina HP MicroServer Gen8 hapa nyumbani Shangani, Mtwara, ndo natunzia video za harusi ninazopiga. Ilikuja na 4GB, ukikopi harusi mbili kwa mpigo inajikongoja kama bajaji iliyobeba magunia ya korosho. Nikampigia jamaa mmoja wa Kariakoo, nataka DDR3 (aina ya ram inayoingia humo) ya seva, ECC, yaani inayojirekebisha makosa madogo ya data, mbili za 8GB. "Zipo kaka, kali kabisa." Nikatuma hela, mzigo ukapanda basi, kesho yake nikaufata stendi, nachomeka, nawasha, feni linavuma tu skrini nyeusi tii. Nikachomoa nikasugua meno kwa raba nikarudishia, wapi.

Kuja kusoma stika: PC3L-12800R. Hiyo R ndo balaa lenyewe. Ni registered, katikati ina kachipu ka ziada, ni za seva kubwa za kwenye raki, kimashine changu kinataka 12800E, ya ECC isiyo na hako kachipu. Sloti ni ileile, inaingia na kubana vizuri kabisa, ila haiwaki ng'o. Na usijidanganye kuhesabu chipu, zote mbili ni ECC kwa hiyo upande mmoja mara nyingi utakuta tisa badala ya nane za ram ya kawaida.

Kumpigia ananiambia "si ulisema ECC bro?" Na kweli nilisema, nikaishiwa maneno. Akakubali kubadilisha ila hela ya basi kwenda na kurudi juu yangu.

Za E zilipofika zikawaka hapohapo, 16GB, ndo kikomo cha hii mashine. Nikaiacha memtest86+ (programu ya kupima ram) usiku kucha, saa nane umeme ukakata (si mnajua huku kwetu), nikaanza upya, kosa hata moja hakuna. Sasa hivi kukopi kunateleza.

Kama unaweka muvi tu ECC ya nini, weka ram yoyote ambayo mashine inakubali. Mimi naweka harusi za watu, bibi harusi harudii kuingia ukumbini. Ila diski ikifa ECC haikusaidii kitu, kopi ya pili iko kwa shemeji Mikindani.

Ram nyota tano. Muuzaji tatu, angeniuliza tu "mashine gani?" ningempa zote.