Programu ya kutambua vipepeo: yaliyonikuta tangu Aprili

Niliipakua wakati wa masika, kwa ajili ya kipepeo mmoja wa kahawia aliyekuwa akija kila magharibi kwenye mapapai yaliyooza nyuma ya nyumba yetu hapa Goba. Nilimpiga picha amekunja mbawa. Ukingoni yalijipanga madoa kama macho, kila doa jeusi lina kitone cheupe katikati na mduara wa manjano. Programu ikajibu papo hapo: Melanitis leda. Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, ndiye aliyempa hilo jina la leda, mwaka 1758, na ni kipepeo wa kawaida kabisa, yupo Afrika, Asia mpaka Australia. Hapo nilifurahi sana.

Shida ilianza Agosti. Chini ya mpapai ule ule niliona jani kavu, hata mshipa wa katikati upo. Jani likatembea! Miguu minne, si sita, maana jamii hii ya vipepeo miguu yao ya mbele ni mifupi mno, hawaitumii kutembelea. Nilituma picha tano. Mara tatu programu ilisema nondo, mara mbili ikaleta majina ya vipepeo wengine, na bando likakata.

Aliyenitoa gizani ni mtumiaji mwenzangu, kwani programu inaruhusu kuulizana. Aliniambia nimtazame mbawa kwa juu. Nilichuchumaa pale hadi giza likaanza kuingia, akapepesa mara mbili kabla ya kuruka: karibu na ncha ya bawa la mbele kuna doa jeusi lenye vitone viwili vyeupe, rangi ya chungwa pembeni. Leda yule yule! Wanaotoka msimu wa mvua wana madoa makubwa kama macho, ndege akidonoa anadonoa ukingo wa bawa, mwili unapona. Wa kiangazi madoa hayo hufifia, wanafanana na majani makavu wanamotulia. Na mimi miezi yote hiyo nilijua ni vipepeo wawili tofauti.

Viwavi wake hula nyasi, hata mpunga, kwa hiyo siku hizi namwomba kijana anayefyeka aniachie ukanda wa majani kando ya ukuta.

Ukiitumia, piga picha juu na chini ya mbawa, na usisahau kuweka tarehe. Nimewaandikia wenye programu waweke picha za misimu yote miwili. Sijajibiwa bado. Nyota nne kati ya tano.