Geralt au Bobby Singer: yupi baba zaidi?

Wote wawili huwinda mazimwi, wote wana midomo michungu, na hakuna hata mmoja aliyezaa.

Geralt wa Rivia, mhusika wa hadithi za The Witcher aliyebuniwa na Mpoland Andrzej Sapkowski mwaka 1986, ni tasa. Ndiyo bei ya dawa na majaribio waliyomfanyia utotoni. Ciri, binti anayemlea, Geralt anampata kwa deni: alidai alipwe kile ambacho mdeni anacho bila kujua, kumbe ni mimba. Halafu akawa anamkwepa! Alipompokea hatimaye, alimpeleka ngome ya Kaer Morhen kujifunza upanga, na wanaume wa pale hawakukumbuka kwamba ni msichana anayekua mpaka mchawi Triss alipowakemea.

Bobby, wa tamthilia ya Kimarekani Supernatural (2005–2020), ana yadi ya magari mabovu Sioux Falls, kapelo iliyochakaa, na simu kadhaa ukutani za kuwahadaa polisi kuwa yeye ni bosi wa FBI. Watoto hakuwataka. Baba yake alikuwa akimpiga, naye aliogopa kurithi mkono ule. Ndugu wawili, Sam na Dean, wakaja hivyo hivyo, baba yao akiwa mawindoni. Siku moja Dean alitakiwa afanye mazoezi ya bunduki; Bobby akampeleka kurushiana mpira. Tukio dogo, lakini ndilo lililonimaliza.

Kwa upanga, nipe Geralt. Mwanangu ningemwachia Bobby, pombe yake ikishafungiwa kabatini.