EliteBook 840 G3 ya mtumba yenye Windows 11: mashine nzuri, karatasi ya kutilia shaka

Ukishuka na Barabara ya Sokoine kutoka Mnara wa Saa, Arusha, hukosi kuikuta kwenye kioo cha duka la kompyuta: HP EliteBook 840 G3, imefutwa mpaka inang'aa, na karatasi juu ya kifuniko inayosema ina Windows 11. Mashine yenyewe tunaipa alama nzuri. Kibodi ni imara, ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, na unaweza kuweka SSD ya M.2 pamoja na diski ya inchi 2.5 kwa wakati mmoja. Ugomvi wetu ni na hiyo karatasi.

Kwa prosesa za Intel, Microsoft inaikubali Windows 11 kuanzia kizazi cha 8, tena iwe na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. G3 ni kizazi cha 6. Fundi huvuka kizuizi hicho kwa Rufus, programu inayoweza kuondoa ukaguzi wakati wa kuandaa flashi. Windows inaingia, inawaka, mteja anaondoka na mzigo wake. Akifika nyumbani ndipo inaanza kuganda na kujiwasha upya. Skrini ya kosa tuliyoizoea ya bluu, kwenye matoleo mapya ya Windows 11 ni nyeusi, kwa hiyo usidhani kioo kimekufa.

Mara nyingi mchawi ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows 10 zinavukishwa jinsi zilivyo, au Windows Update inaleta nyingine isiyopatana na kifaa. Soma maandishi ya chini ya skrini kabla hayajapotea. VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye draiva ya picha. Faili igdkmd64.sys ni ya picha za Intel, na jina linaloanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel. Yakikupita, fungua C:\Windows\Minidump, folda ya kumbukumbu za makosa hayo, kwa programu ya BlueScreenView. Faili tatu zikitaja draiva ileile, umemkamata. Kila moja ikitaja yake, hamia kwenye RAM: chomoa kipande kimoja, tumia kompyuta siku nzima, kisha badilisha. MemTest86 ikiachwa usiku kucha inasema ukweli zaidi kuliko kipimo cha Windows chenyewe. Fundi akisema "tuipige Windows upya" kabla hajaifungua folda hiyo, mwambie asubiri kwanza.

Kuitoa draiva mbovu kuna utaratibu wake. Kata intaneti, la sivyo Windows Update itairudisha ileile kabla hujamaliza. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4 upate Safe Mode, hali ya Windows yenye draiva za msingi tu. Ndani ya Device Manager jaribu Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, ondoa kifaa pamoja na draiva yake, kisha weka ile ya Windows 10 ya biti 64 kutoka ukurasa wa HP wa modeli hii. Mara nyingi ndiyo inayotulia hata kwenye 11. Zima na Fast Startup, yaani uwashaji wa haraka, kwa kuandika amri powercfg /h off kwenye Command Prompt, kwa kuwa Fast Startup huhifadhi hali ya draiva unapozima kompyuta, na unapowasha unarudishiwa tatizo la jana.

Faili za mfumo zikishukiwa, anza na amri DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo amri sfc /scannow. Watu wengi hugeuza mpangilio huu. Sfc inachota faili nzima kutoka ghala ambalo DISM ndiyo hulirekebisha, na ghala likiwa bovu sfc haina pa kuchota. DISM hupakua kutoka mtandaoni, kwa hiyo hakikisha bando halijaisha.

Kuna kuzima ambako hakuhusiani na Windows hata kidogo. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute Kernel-Power 41, rekodi ya kompyuta kuzimika ghafla. Kama BugcheckCode (namba ya kosa) ni 0 na folda ya Minidump ni tupu, angalia umeme na joto. Betri ya G3 ni CS03XL, na hukaa chini ya sehemu ya kuegemeza viganja. Ikivimba, padi ya kugusa inainuka na kubofya kunakuwa kugumu. Hiyo usiichaji tena, badilisha. Betri iliyochoka inaiacha mashine izimike papo hapo umeme ukikatika, kisha lawama zinaiendea Windows 11. Feni nayo huziba kwa vumbi, na kiangazi hapa vumbi halina huruma.

Kama Windows 10 ilipandishwa juu kwa juu bila kufomati, una siku 10 za kurudi: Settings, System, Recovery, Go back. Njia hiyo inategemea folda ya Windows.old, ambayo mafundi wengi huifuta ili "kuongeza nafasi". Kabla hujamwachia fundi mashine, mkataze kuigusa.

Hukumu yetu: inunue G3 ikiwa na Windows 10 toleo 22H2, kisha iandikishe ndani ya Windows Update kwenye ESU, mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada ya usalama. Msaada wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, ila ESU inaleta masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, bila malipo kwa anayesawazisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Anayetaka Windows 11 ya halali aongeze hela achukue 840 G5 yenye kizazi cha 8. Palepale kaunta, kabla ya kutoa pesa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance na usome jina la prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Muuzaji akikuambia tarakimu hiyo haina maana, jaribu duka la jirani.