Stendi ya boksi ya kuchorea nje: ijaribu mguu wa nyuma kabla hujatoa hela

Nimeitumia stendi hii, boksi la rangi lenye miguu mitatu linaloshikilia ubao wa kuchorea, kwa miezi kadhaa kuchora sura za watu pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam: wapaa samaki, wachukuzi, mama lishe. Nina hasira nayo. Ukubwa na uzito sitaji, hayo yako kwenye kasha. Kasha halisemi kwamba mguu wa nyuma umeshikwa na nati ya meno iliyogongomelewa ndani ya mbao laini, na balaa lote liko hapo.

Kila unaposugua brashi kwenye ubao, unaisukuma stendi nyuma. Miguu miwili ya mbele haisaidii kitu kwenye msukumo huo. Wote unaishia kwenye mguu ule mmoja. Sasa ongeza hewa ya bahari. Mbao inanywa unyevu na kuvimba, jua likipanda inasinyaa, na tundu la nati linazidi kulegea. Meno yaliyotakiwa kuishika mbao yanaanza kuichimba. Mwishowe unakaza skrubu na nati inazunguka nayo: haikazi, haifunguki. Mguu unateleza kwenye mfereji wake, boksi linalala chali na rangi yote inamwagika sakafuni.

Wangu ulikufa katikati ya sura ya mpaa samaki mmoja, mzee mwenye uso ambao mchoraji yeyote angeutamani. Mtu wa Feri hakupi saa nzima. Anakupa dakika 20, akikuonea huruma 30, kati ya mteja na mteja. Dakika za kwanza ni za umbo la kichwa na mpaka wa kivuli; kisha ngozi, kwa mapigo mapana; macho na mdomo baadaye. Stendi ikianguka ukiwa kwenye ngozi, umepoteza mkao, na mkao hauuzwi dukani. Akikaa tena, shingo imeelekea kwingine na kivuli cha pua kimehama.

Na rangi yenyewe? Weusi wa ngozi naupata kwa bluu ya altramarini na sienna iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, ocha ya njano palipo na mwanga, nyeupe kwa kubania sana, maana nyeupe ikizidi uso unapauka kama uliopakwa majivu. Mng'ao wa paji la uso nje hauwi mweupe mtupu, una ubluu, kwa sababu ni anga inayojiakisi pale. Mchanganyiko wa namna hiyo ukimwagika, kuupata uleule si mchezo. Rangi ya akriliki, ninayoitumia, hukolea ikikauka: gundi yake ni nyeupe ikiwa mbichi, inakuwa angavu ikishakauka. Kwa hiyo unajaribu kulinganisha rangi mbichi na shavu lililokwisha kukauka, huku mzee wa watu anaangalia foleni ya wateja wake.

Nikairudisha dukani. Muuzaji hakuigusa hata kidogo. "Kaka, hizi ni za ndani." Kasha lina picha ya mtu anachora bustanini! Nikamwonyesha. "Hiyo picha tu, kaka," akarudi kwenye simu yake. Hakuuliza imeharibika wapi. Kama ni ya ndani, kwa nini ina mkanda wa kubebea begani?

Haki lazima isemwe: umbo la stendi hii ni zuri. Kila mguu unarefuka peke yake, na pale Feri, sakafu ikiwa na mteremko wa kupitisha maji, jambo hilo ni kubwa. Unaishusha hadi macho yako yalingane na ya mama lishe aliyeketi kwenye kigoda, kwa hiyo humchori kwa kumtazama kutoka juu. Stendi nyepesi za alumini nazijua. Kusi ikivuma zinapeperuka na ubao wake. Hii ukiitundikia dumu la maji la lita 5 chini ya boksi inatulia. Ila dumu hilohilo linaongeza mzigo kwenye ile nati mbovu, kwa hiyo usilitundike kabla ya matengenezo.

Matengenezo yenyewe ni haya. Ng'oa nati ya meno kwa plaizi. Mpe fundi seremala azibe tundu kwa kipande cha mninga na gundi ya mbao, aache usiku kucha, kisha atoboe upya kwa keekee ya milimita 6. Pitisha bolti ya M6 inayotokeza upande wa pili, weka washa pana pande zote mbili, halafu nati yenye masikio ya kukaza kwa vidole. Washa usiziache, bila hizo nati itazama kwenye mbao na utarudi kulekule. Nunua vya stenlesi, maana chuma cha kawaida pale baharini kinashika kutu upesi.

Tangu ifanyiwe hivyo mguu haujateleza, na siku hizi ndiyo ninayotoka nayo. Basi ni stendi nzuri? Nilitaka kuandika ndiyo. Lakini uzuri huo umetoka kwa seremala, si kwa aliyeiuza, na bei niliyolipa ilikuwa ya kitu kizima. Hapana, kama ilivyo dukani siipendekezi kwa mtu.

Ukiitaka hata hivyo, ijaribu palepale kaunta. Vuta mguu wa nyuma hadi mwisho, kaza kwa nguvu ya vidole, kisha bonyeza boksi kwa viganja viwili kuelekea nyuma. Legeza, kaza tena, rudia mara kadhaa huku umeweka kidole kwenye nati. Ukiisikia inatikisika hata kidogo, mrudishie, na akikwambia hizi ni za ndani, hela yako ibaki mfukoni.