TAHADHARI: kuna "jarida la wanafunzi" linakula pesa za makomredi hapa Nairobi

Makomredi, hasa nyinyi wa mwaka wa nne mnaomaliza projekti, someni hii kabla hamjatuma pesa popote. Kuna wakora wanaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa wakijiita wahariri wa jarida la utafiti la wanafunzi, wamebandika nembo ya chuo na kila kitu, wanakwambia supervaisa wako ndiye amependekeza kazi yako, ukituma leo kesho imekubaliwa, ada ni shilingi 6,500 na inaenda kwa namba ya simu ya mtu. Jina la jarida siliandiki kwa sababu wanalibadilisha kila mara, mkilikwepa hili watarudi na lingine, bora mjue mwendo wao.

Kuna dada tulisoma naye darasa moja, akalipa. Projekti yake ilikuwa floraidi kwenye maji ya visima vya Embakasi, amezunguka na chupa za sampuli kwa jua lote lile. Barua ya kukubaliwa ikaingia usiku huohuo, nimeisoma kwa macho yangu, maoni ya wakaguzi ni mstari mmoja tu unaosifu utafiti wake wa mahindi. Mahindi jameni! Chini kuna muhuri wa rangi ya dhahabu na namba ya ISSN, nikaiingiza kwa portal.issn.org ikaleta jina la jarida lingine kabisa. Na hata ingekuwa yao, ISSN inatambulisha chapisho tu, haikuhakikishii kwamba kuna mtu amekagua kilichomo.

Pesa inauma, kwa wengi wetu hiyo ni HELB, mkopo wa masomo, imeenda, lakini kinachoniuma zaidi ni kazi yenyewe. Alipoipeleka kwa jarida la ukweli akaambiwa hiyo imeshachapishwa kwingine hatuwezi kuichukua, akawaandikia wale waitoe, wakamwambia alipe ada ya kuiondoa, tena kubwa kuliko ile ya kwanza. Mpaka leo iko huko na jina lake juu.

Na msidhani ni wanafunzi tu wanashikwa. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alituma utafiti wa uongo wenye makosa ya wazi kwa majarida 304, na 157 yakaukubali, matokeo yakatoka kwenye jarida la Science. Kwa hivyo barua ya "umekubaliwa" peke yake isikupeleke mbio.

Jarida halali la wanafunzi mara nyingi halilipishi, linaendeshwa na wanafunzi wenzako wakisaidiwa na walimu, linachukua wiki au hata miezi, na kazi inakurudia na maswali mengi ya kurekebisha mpaka unachoka. Yako majarida halali ya wakubwa yanayotoza ada, lakini kiasi kimeandikwa wazi kwa tovuti kabla hujatuma kitu na hakuna mhariri wa kukukimbiza na meseji saa nne usiku. Angalia kama jarida liko DOAJ au AJOL (hizi ni orodha za majarida ya utafiti mtandaoni), muulize mkutubi wa chuo, na huyo supervaisa wanayemtaja mwendee ofisini umuulize mwenyewe, huyu wa dada yetu hakuwa anajua lolote.

Kama umetuma pesa sasa hivi, forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe, usingoje kesho maana wakishaitoa haupati kitu, na ile namba yao iripoti kwa 333. Kama umetuma kazi lakini hujalipa, tafadhali usisaini ile fomu yao ya hakimiliki, waandikie imeili leo kwamba umeiondoa kazi yako na uweke nakala. Walio na skrinshoti zao wekeni hapa chini, hasa namba za simu wanazotumia, na mfikishie wale wa Juja na Thika Road maana nasikia huko pia wameanza.