Hedifoni za dramu zimekufa: fundi au mpya?

Wapiga dramu wenzangu, hizi hedifoni za kuzuia kelele zikifa msikimbilie kununua, angalieni kwanza kimekufa nini. Zangu waya ulikatikia pale kwenye pini, sikio moja likawa kimya, nikapeleka kwa fundi redio Mwanjelwa, Mbeya, akakata kipande akachoma risasi upya, buku 5 tu, na mpaka leo napiga na kliki (ule mlio wa kuhesabu mapigo) kanisani bila shida. Hapo fundi anashinda mbali sana.

Ila ule upinde wa kichwani ukipasuka ni habari nyingine kabisa, maana kinachozuia kelele sio spika, ni mbano na sponji kuziba sikio lote. Ukiunga na gundi zinalegea, simbali zinapenya, unaongeza sauti, masikio yanaumia taratibu hata hujui. Hedifoni za dramu kama Vic Firth SIH2 zinapunguza kelele kama desibeli 25, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema kwenye kelele ya desibeli 100 mwisho ni dakika 15 kwa siku! Hapo nunua mpya jamani, hata kama ni kuagiza Dar zije na basi.

Sponji zikichanika badilisha sponji tu.